Misimbo safi, pini imeungua

Kijana wa jirani yangu hapa Area C, Dodoma, yupo kidato cha tatu, aliniletea bodi ya Arduino Uno, kikompyuta kidogo cha kuendeshea vifaa, ambayo pini namba 8, tundu lake moja la kuchomeka waya, imekufa. Alitaka miche ya zabibu ya babu yake kule Hombolo imwagiliwe yenyewe: udongo ukikauka, pampu iwake. Misimbo, yaani maagizo ya kuiendesha bodi, aliandikiwa na akili mnemba kwenye simu. Niliisoma yote, sikuona kosa. Kosa lilikuwa kwenye waya. Kapampu kalichomekwa moja kwa moja kwenye pini, na pini ile ukomo wake ni miliampea 40, salama ni 20. Kapampu kenyewe kanakula zaidi ya 100.

"Mbona iliniambia niunganishe namba 8?" Iliyomjibu ilidhani katikati kuna relei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Yeye hakusema hana.

Mafundi wenzangu wakisikia hivi wanacheka: si tulisema? Kwao, aliyeandikiwa hajui. Siwaungi mkono moja kwa moja. Arduino yenyewe ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu wasio wahandisi wa umeme. Ni njia ya mkato tangu mwanzo, na sisi tuliipita bila haya. Halafu, huyu kijana angemuuliza nani? Fizikia shuleni anafundishwa kwa Kiingereza. Mimi niliwahi kukwama wiki nzima kwa nukta mkato moja iliyosahaulika. Yeye anauliza saa nne usiku kwa Kiswahili, anajibiwa kwa Kiswahili, bando likiruhusu.

Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine. Aliponionyesha kihisi chake cha unyevu, kile cha miguu miwili, mguu mmoja ulikuwa umeshaliwa, shaba imegeuka kijani. Misimbo ilikuwa inakipa umeme muda wote. Umeme ukipita mfululizo kwenye udongo wenye maji na chumvi, madini ya mguu mmoja yanayeyuka kidogo kidogo. Dawa yake ni kukipa umeme sekunde ile ya kupima tu, kisha unakata. Tukaiuliza simu: kwa nini mguu unaliwa? Ikaeleza vizuri kabisa, na dawa ikataja. Kumbe ilikuwa inajua! Ila haikuona mguu, na mtu ambaye hajawahi kuona mguu ulioliwa hana namna ya kuuliza.

Kwa hiyo simnyang'anyi simu. Nimempa mita yangu ya zamani ya kupimia umeme, na sharti moja: kabla ya kuomba misimbo, apime kila kifaa kinakula kiasi gani, aandike namba hizo kwenye swali lake. Jana kaniletea swali lenye mistari saba. Jibu lilirudi na transista ya kuwashia pampu na dayodi ya kuilinda transista hiyo ndani yake, bila mimi kutamka neno.

Vipuri bado hatujanunua. Babu anaendelea na ndoo.