Pikipiki za kale za Kiingereza: ziendeshwe au zifungiwe?

Septemba 2003 moto uliteketeza sehemu kubwa ya National Motorcycle Museum, makumbusho ya pikipiki yaliyoko Solihull, karibu na Birmingham. Pikipiki zaidi ya 300 ziliungua, zikiwemo Norton, BSA, Triumph na Vincent zilizokuwa zimewekwa pale ili ziwe salama. Makumbusho yalijengwa upya, yakafunguliwa mwishoni mwa mwaka uliofuata, na nyingi ya pikipiki zile zilirudishwa katika hali nzuri. Nitaeleza hapa chini kwa nini jambo hilo liliwezekana, kwa sababu linagusa kiini cha mjadala unaowagawa wapenzi wa mashine hizi: je, pikipiki yenye miaka 70 au 90 iendelee kukata lami, au iwekwe mahali pakavu, ifutwe vumbi na kutazamwa tu?

Mimi niko upande wa barabara. Hata hivyo, wanaotaka zifungiwe wana hoja nzito kuliko waendeshaji wengi wanavyokubali, na si haki kuzipita haraka.

Hoja yao kubwa ni kwamba kitu kinabaki halisi mara moja tu. Januari 2018, kwenye mnada wa Las Vegas, Vincent Black Lightning ya mwaka 1951 iliuzwa kwa dola 929,000. Haikuwa imepakwa rangi mpya wala kung'arishwa ipendeze macho. Ilikuwa na alama zake za kazi, kwa sababu ndiyo iliyoweka rekodi ya kasi ya Australia mwaka 1953, maili 141.5 kwa saa. Aliyeinunua alilipia pia mikwaruzo na rangi iliyofifia. Sasa fikiria pikipiki kama hiyo ikiendeshwa kila Jumapili. Kwanza zitabadilishwa tairi, cheni na nyaya za klachi. Baadaye zitafuata beringi, vali na pistoni, halafu silinda itachongwa upya. Baada ya miaka 30 itakuwa bado inanguruma vizuri, lakini chuma kilichotoka kiwandani Stevenage kitakuwa kimebaki kidogo. Mwendeshaji anayesema anaitunza kwa kuiendesha anasema kweli kuhusu uwezo wake wa kutembea. Kuhusu chuma chenyewe, hapana. Mtafiti anayetaka kujua rangi ilipakwaje wakati ule, au fundi wa kiwandani aliacha alama gani kwenye nati, anahitaji mashine ambayo haijaguswa.

Hoja ya pili ni usalama, nayo haina mzaha. T. E. Lawrence, yule Mwingereza wa vita vya Uarabuni, alikuwa mpenzi mkubwa wa pikipiki za Kiingereza za Brough Superior. Mei 1935 alianguka na Brough yake ya aina ya SS100 karibu na nyumbani kwake Dorset alipojaribu kuwakwepa wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akafa siku chache baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, aliguswa na kifo kile na baadaye akafanya utafiti kuhusu majeraha ya kichwa kwa waendeshaji wa pikipiki, kazi iliyochangia sana kuenea kwa helmeti jeshini. SS100 iliuzwa na hati ya kuhakikisha kwamba inafika maili 100 kwa saa, huku ikitegemea breki za dramu ambazo mwendeshaji wa leo angeziona dhaifu hata kwa mwendo wa mjini. Kuna pia jambo ambalo wageni hulisahau. Katika pikipiki nyingi za Kiingereza zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970, gia hubadilishwa kwa mguu wa kulia na breki ya nyuma iko kushoto. Mtu aliyezoea pikipiki za sasa, lori likisimama ghafla mbele yake, atakanyaga kwa nguvu asikokusudia. Mwili hauulizi akili katika nusu sekunde ile.

Kwa hiyo kumwita kila mwenye kufungia pikipiki yake bahili au mwoga ni kumwonea.

Tatizo ni kwamba hoja ya kufungia inachukulia kuwa chuma kikikaa kimya hakidhuriki. Injini za Kiingereza za zama zile haziafiki. Nyingi huweka oili kwenye tangi la pembeni, na pampu huizungusha hadi kwenye injini na kuirudisha. Pikipiki ikisimama kwa miezi, oili hupenya taratibu kwenye pampu na kujaa sehemu ya chini ya injini. Anayekuja kupiga kiki baadaye bila kuimwaga anaweza kuona moshi mzito na oili ikitafuta njia ya kutokea penye gasketi. Beringi na kuta za silinda ambazo hazikupata mafuta mapya hushika unyevu, kisha kutu. Magneto, kifaa kinachotoa umeme wa plagi, kina waya uliofunikwa kwa gundi ya zamani ambayo huharibika kwa umri. Matokeo yake ni pikipiki inayowaka vizuri ikiwa baridi, ikipata joto inazima na kukataa kuwaka tena hadi ipoe. Hitilafu hiyo huwezi kuigundua kwa kuitazama nyuma ya kioo. Petroli nayo huoza ndani ya tangi, na ile yenye asilimia 10 ya ethanoli, iliyoanza kuuzwa Uingereza kama petroli ya kawaida mwaka 2021, hula mipira na matangi ya faibaglasi ya pikipiki za zamani.

Makumbusho makini yanayajua haya yote. Humwaga petroli, hupaka mafuta ya kinga, na huzungusha injini kwa mkono mara kwa mara. Mkusanyaji binafsi mwenye pikipiki kadhaa gerejini mara nyingi hafanyi hivyo. Aprili 2016 ziliuzwa Brough Superior nane zilizopatikana katika mabanda ya Cornwall baada ya kukaa huko kwa zaidi ya miaka 50, baadhi zikiwa vipande na zimeliwa na kutu. Moja kati yake, ya mwaka 1938 yenye injini ya silinda nne ya Austin, ilifika pauni 331,900. Watu walishangilia bei. Mimi naona kwanza miaka 50 ambayo mashine adimu vile ziliachwa ziharibike, na sokoni hasara hiyo haikuonekana kabisa.

Sasa nirudi Solihull. Pikipiki zilizoungua hazikufufuliwa na vioo vya makumbusho. Zilihitaji kabureta za Amal, gasketi, beringi, nati zenye meno ya kipimo cha Whitworth ambacho spana za kawaida za milimita hazikikai sawasawa, na zaidi ya vyote zilihitaji mafundi wanaojua injini hizo kwa mikono yao. Viwanda vilivyozitengeneza vilikuwa vimekwisha zamani. Vincent iliacha kutengeneza pikipiki mwaka 1955. BSA, iliyokuwa jitu la Small Heath mjini Birmingham, iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Honda CB750 ya mwaka 1969 kuja na stata ya umeme, breki ya diski mbele na injini isiyoacha dimbwi la oili sakafuni. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kilifungwa 1983. Spea zinapatikana leo kwa sababu bado wapo watu wanaozimaliza barabarani. Wamiliki wa Vincent walianzisha kampuni yao ya spea inayotengeneza vipuri vipya kwa michoro ya kiwanda. Karakana ndogo zinazochonga pistoni za Norton au kusuka upya waya za magneto huishi kwa fedha za waendeshaji. Pikipiki zote zikifungiwa kesho, karakana hizo zitafungwa ndani ya miaka michache, na makumbusho yatakayopata ajali baadaye hayatakuwa na pa kupeleka mashine zake.

Hii ndiyo sababu inayonivuta upande wa barabara kuliko raha ya upepo usoni. Mwenye kufungia anategemea kazi ya mwenye kuendesha.

Na kuna ujuzi ambao hauandikiki wote. Kuwasha pikipiki ya miaka ya 1930 ni kazi ya mpangilio: kufungua petroli, kubonyeza kabureta hadi ichuruzike kidogo, kuchelewesha cheche kwa wenzo mdogo kwenye usukani, kutafuta kwa mguu mahali pistoni inapokaza, ndipo upige kiki. Ukikosea cheche, kiki inakurudishia pigo la kuumiza goti. Siwa za Lamu na Pate, zilizopulizwa harusini na katika sherehe za watawala, leo zimehifadhiwa makumbusho, na ni jambo jema. Lakini kioo hakimfundishi mtu pumzi ya kuipuliza siwa, wala hakimfundishi goti lake namna ya kuamsha injini ya cc 500.

Je, basi zote ziendeshwe? Hapana. Idadi inapaswa kuamua. BSA ilitengeneza pikipiki za jeshi za M20 zipatazo 126,000 kwa ajili ya vita kuu ya pili, na Bantam, pikipiki yake ndogo, ilitoka kwa mamia ya maelfu kati ya 1948 na 1971. Kuiweka Bantam nyuma ya kamba ni kuinyima kazi iliyozaliwa nayo. Brough Superior za aina zote, kati ya 1919 na 1940, hazizidi sana 3,000, na SS100 ni chini ya 400. Kati ya hizo, chache ambazo hazijawahi kufumuliwa zinastahili kuachwa kama zilivyo, ziwashwe kwa uangalifu, zipelekwe mwendo mfupi kwenye uwanja uliofungwa. Ile iliyokwisha kupakwa rangi mpya na kuwekewa kromu isiyo yake haina tena siri ya kulinda, na mwenyewe aiendeshe bila hofu.

Wanaoendesha nao wana deni. Tangu Mei 2018, Uingereza imeviondolea vyombo vingi vyenye zaidi ya miaka 40 lazima ya ukaguzi wa kila mwaka. Wengi walifurahi. Mimi naona mashine yenye breki za dramu na fremu ya mwaka 1950 inahitaji macho ya mkaguzi kuliko nyingine yoyote, na mwenye kuipenda angeipeleka kwa hiari.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kundi la tatu, wale wanaonunua pikipiki hizi kama hisa na kuzihifadhi ghalani zikisubiri bei ipande. Hawaziendeshi, hawazionyeshi, na fedha zao zinapandisha bei hadi fundi kijana asiweze kuzigusa. Dhidi ya hilo, Vintage Motor Cycle Club, iliyoanzishwa 1946, inafanya kazi ya maana kimyakimya. Hutunza kumbukumbu za viwanda vilivyokufa ili mtu athibitishe kama namba ya injini na ya fremu vilitoka pamoja. Huandaa Banbury Run, mwendo wa pikipiki zilizotengenezwa hadi mwisho wa 1930. Huwapa pia watu wasio na pikipiki ya kale nafasi ya kujifunza kuiendesha. Bado Bantam iliyochakaa inapatikana kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Birmingham anaweza kuimudu, na injini yake ndogo ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kuifungua mezani na kuifunga tena kwa siku za mapumziko, akijua kila kipande kinafanya nini.