Ruba, damu na shemeji yangu

Klipu imerudi tena kwenye kundi la familia. Ile yenye picha ya kiinitete upande mmoja na ruba upande wa pili, mshale mwekundu katikati, na sauti nzito ikituambia wanasayansi wamepigwa na butwaa, eti Qurani ilishasema mtoto tumboni huanza kama ruba. Safari hii aliyeileta ni shemeji yangu. Chini yake, subhanallah kumi na saba. Nilizihesabu.

Mie nimesoma chuoni, na bakora za sura ya Al-Muuminun nimezila. Aya ya 14 inataja hatua za mtoto tumboni: nutfa (tone la mbegu), alaqa, mudgha (kipande cha nyama). Maalim alitufundisha alaqa ni pande la damu, wala hakulitoa kichwani mwake. Tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya 1969 imekwenda na damu. Ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, damu. Kisha tukaja kujua kwamba hakuna hatua hata moja ambayo mtoto tumboni huwa pande la damu, na ghafla alaqa ikawa ruba. Haya, neno lenyewe asili yake ni kushikamana na kuning'inia, na ruba kwa Kiarabu huitwa hivyo hivyo, hilo silipingi. Ila kama ruba alikuwa wazi kiasi hicho, mbona maalim zetu wote walimpita, mpaka maabara ikatangulia? Sisi ndio tunaoikimbiza aya nyuma ya sayansi, tukihema, halafu tukifika tunasema tulikuwa tunawasubiri.

Na ukishaingia uwanjani, mabao ya kufungwa nayo yanahesabiwa. Aya hiyo hiyo inataja mifupa, kisha mifupa ikavikwa nyama. Wataalamu wanasema misuli huanza kuumbika wakati mifupa mingi bado ni gegedu. Hapo utaambiwa "kisha" hii siyo "kisha" ile. Ukibisha, unatolewa Profesa Keith Moore wa Toronto, mtaalamu wa viinitete aliyezisifu aya hizo, karata ya mwisho tangu miaka ya 1980.

Nakubali moja, kwa shingo upande: Al-Insan inasema nutfa amshaj, tone lililochanganyika, na Aristotle alishafundisha kwamba mbegu ni ya mwanamume peke yake. Lakini Galen, tabibu wa Kiyunani, naye alishasema mwanamke ana mbegu yake, karne kadhaa kabla ya aya kushuka, kwa hiyo takbir zisubiri.

Ningenyamaza, wallahi, kama klipu ingeletwa na mwingine. Huyu shemeji ana mabinti wanne kwa dada yangu. Mwaka jana akaoa mke wa pili, "apate dume". Mama yake alisema mbele yetu, kijiko cha pilau mkononi, kwamba tumbo la dada yangu halijui kushika mtoto wa kiume. Yeye akaendelea kula.

Sayansi anayoishangilia inasema kromosomu Y ndiyo inayoleta dume: yai la mama lina X tu, Y hutoka kwa baba. Na Kitabu anachokipigia debe, Ash-Shura aya ya 49, kinasema Mwenyezi Mungu humtunuku amtakaye mabinti, na humtunuku amtakaye wana wa kiume. Mabinti wametajwa kwanza. An-Nahl 58 inamwelezea yule anayepewa habari ya binti uso ukamsawijika. Hiyo hakuna anayeitengenezea klipu.

Nikamwandikia zote mbili, faraghani, kwa adabu, "shemeji" mwanzo na "shemeji" mwisho. Tiki mbili za buluu. Baada ya nusu saa akajibu: klipu ya ruba, safari hii ina kaswida.