Paka si ng'ombe mdogo

Chupa ya maji ya nusu lita, lebo imebanduliwa, ndani kimiminika cha manjano kinachonuka kama petroli. Mteja kaulizia dawa ya viroboto wa paka, muuzaji kampimia dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, na maelekezo yote ni haya: "Kifuniko kimoja kwenye ndoo." Kifuniko kipi? Ndoo ya lita ngapi? Dawa yenyewe inaitwaje? Utajibiwa kuwa mdudu ni mdudu tu.

Haya, mdudu ni mdudu. Na paka je?

Dawa za josho zinazopimwa hivyo madukani kwa kawaida ni amitrazi, au ni za ukoo wa pamethrini: sipamethrini, deltamethrini na ndugu zao. Hao wa ukoo wa pamethrini kiroboto wanamuua kweli. Ila ini la paka haliwezi kuivunja sumu ile kama la mbwa, na paka hahitaji kunyweshwa, maana kutwa nzima anajilamba. Baada ya saa chache masikio yanaanza kuchezacheza, mate yanachuruzika, mwili unatetemeka, kisha degedege. Mwenye paka anasema kala panya mwenye sumu! Amitrazi ndiyo kichekesho chenye msiba ndani yake. Inaua kupe na utitiri wa upele, viroboto haiwawezi, lakini paka inamlegeza, mapigo ya moyo yanashuka na mwili unapoa. Yaani umenunua sumu inayomwacha mdudu na kumpata mgonjwa.

Wala usiniambie utaizimua zaidi. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 40 kwa pampu ya lita 20, na hicho ni kipimo cha ng'ombe. Cha paka wa kilo 3 hakipo kwenye kifuniko chochote.

Kama umeshamwogesha, mwoshe tena sasa hivi kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu. Ya moto yanaisukuma sumu ipenye ngozi haraka, ya baridi yanazidisha kutetemeka. Mkaushe, mfunge taulo, umkimbize kwa daktari wa mifugo, naye swali lake la kwanza litakuwa jina la dawa. Ndiyo, lile lililobanduliwa pamoja na lebo. Maziwa waachie watoto. Paka mwenye degedege yatamwingia mapafuni.

Dawa ya paka ni fipronili ya matone, pipeti (kichupa chembamba cha dozi moja) ya mililita 0.5 iliyoandikwa ya paka. Tenganisha manyoya nyuma ya shingo, karibu na kichwa, pasipofikiwa na ulimi, umimine kwenye ngozi na si juu ya manyoya. Asiogeshwe siku mbili kabla na mbili baada. Matone ya mbwa usigawe, mengine yana pamethrini ndani. Aliye chini ya wiki 8 ni kitana cha chawa na bakuli la maji ya sabuni, basi. Sungura, fipronili asiisogelee kabisa.

Bei inauma, nakubali. Na kwa mbwa, haya, pamethrini iliyotengenezwa kwa ajili yake inafaa, mradi paka asilale naye kabla hajakauka.

Halafu kuna wale wa "dawa feki hii, wiki ya pili viroboto bado wapo." Lazima wawepo! Jike hutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, yanadondoka popote paka anapolala. Mabuu hujificha gizani, chini ya mkeka na kwenye nyufa, na pupa, yaani buu linalogeuka kiroboto, huweza kungoja miezi ndani ya kifuko hadi isikie mtikisiko na joto. Nyumba iliyofungwa likizo nzima hukupokea mlangoni kwa kukuuma miguu kwa sababu hiyo. Tibu wanyama wote siku moja, rudia kila mwezi kwa miezi mitatu, fua matandiko kwa maji moto kila wiki, fagia hadi chini ya makochi.

Na kabla ya kununua chochote, mchane juu ya karatasi nyeupe yenye unyevu. Vidoti vyeusi vikigeuka wekundu wa kutu ni kinyesi cha kiroboto. Visipogeuka huenda ni vumbi tu, na muwasho una sababu nyingine.

Mafuta ya taa? Yanamuunguza ngozi, kisha anayalamba. Majivu? Yanachafua sebule.