Krediti Zangu Zimepokelewa, Ila Hazina Kazi

Kuna watu wanahama nchi, kuna watu wanahama chama, kuna watu wanahama nyumba na kodi ya watu mgongoni. Wote hao wanafika. Ninyi jaribuni kuhama chuo hapa Texas muone.

Mimi ni mlinzi. Nasema wazi, maana wapo wenzangu huku wakipiga simu nyumbani wanasema wako idara nyeti. Nalinda ghala la mizigo usiku, nje kidogo ya Dallas. Kibali cha jimbo ninacho, tochi ninayo, na kiti nilichokabidhiwa kilishapoteza gurudumu moja, kwa hiyo ukisinzia kinakuinamisha mpaka unaamka mwenyewe. Bosi wetu wa zamu ni kijana mdogo kuliko kitinda mimba wa kwetu. Siku nafasi kama yake ilipotangazwa, nikasoma sifa zote: uzoefu ninao, nidhamu ninayo, kitambulisho ninacho. Mstari wa mwisho: awe na digrii.

Basi nikaingia chuo cha jamii, vile vya miaka miwili vya kuanzia. Hivi vyuo nitavisifia mpaka kesho. Ada inalipika, masomo ya jioni yapo, na mwalimu anakukumbuka kwa jina hata kama hawezi kulitamka. Mpango wenyewe ukiusikia ni mtamu: unasoma krediti 60, yaani vipimo vya uzito wa masomo, pale kwa bei ya kawaida, unahamia chuo kikuu, unasoma 60 nyingine, jumla 120, unavaa joho. Hesabu ya darasa la tatu. Nani angekataa?

Nilipomwambia bi mkubwa kwa simu kwamba nimepata nafasi chuo kikuu, alipiga vigelegele majirani wakatoka nje. Akauliza nasomea nini. Nikasema menejimenti ya maafa na usalama. Kimya. Nikadhani bando limeisha.

"Mwanangu, umekosa kabisa cha kusomea? Maafa si yanakuja yenyewe?"

Nikamweleza kwamba tunasoma kupunguza madhara, kujiandaa, kukabiliana, na kurudisha hali baada ya tukio. Nikamwambia hata nyumbani Tanzania Ofisi ya Waziri Mkuu ina idara nzima ya kazi hiyo. Akasikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Haya baba, soma. Ila mimi huku nitasema unasomea uhasibu."

Na wala si kozi iliyobuniwa juzi. Chuo Kikuu cha North Texas, pale Denton, ndicho kilichoanzisha digrii ya kwanza ya menejimenti ya maafa nchini Marekani, mwaka 1983. Changu mimi sikitaji, nisije nikaitwa ofisini. Baada ya Septemba 11, 2001, serikali ilizikusanya idara 22 ikaziweka chini ya wizara moja ya usalama wa ndani, ikaanza kazi 2003, na vyuo navyo vikanusa harufu ya ajira. Sasa kozi za maafa zimejaa kila kona. Wanafunzi tumo. Krediti ndizo zinazokwama mpakani.

Majibu ya kuhamisha krediti yalitoka nikiwa lindoni, saa nane za usiku. Nikafungua simu. Juu pameandikwa kwa maandishi ya kijani kwamba krediti zangu zote zimepokelewa. Nilizunguka lile ghala naimba, nikakagua hata milango isiyonihusu. Nikarudi kwenye kiti changu cha kuinama, nikasoma sehemu ya chini. Kumbe kuna safu mbili. Ya kwanza inasema krediti zilizopokelewa. Ya pili inasema krediti zinazohesabika kwenye digrii. Hizi safu mbili hazijuani kabisa, hata salamu hazipeani.

Tuwe wakweli, Texas wamejitahidi. Kuna krediti 42 za msingi, mambo ya Kiingereza, hisabati, sayansi, historia. Ukizimaliza, sheria inakibana chuo chochote cha umma cha jimbo kizikubali. Hapo sina neno. Balaa liko kwenye masomo ya fani yenyewe. Utangulizi wa Haki Jinai, kwa mfano, una namba mbili. Kuna CRIJ 1301 na kuna CJSA 1322. Jina moja, krediti tatu huku, krediti tatu kule. Lakini CRIJ ni somo la kitaaluma, linapita kila mlango. CJSA ni la watu wanaotaka cheti waingie kazini, na hilo chuo kikuu kinalipokea kikijisikia. Mimi niliandikishwa CJSA. Mshauri aliyeniandikisha alikuwa mama mwema sana, ana bakuli la pipi mezani, akanipa mbili na kunitakia kila la heri.

Nikaenda dirishani kuuliza. Nikamwambia yule dada, "Samahani, wizi niliosoma mimi ni tofauti na wizi mnaofundisha hapa?" Akacheka, akaangalia kompyuta, akasema wizi ni ule ule. "Sasa?" Akasema herufi ndizo si zile. Nikamwonyesha muhtasari wa somo, majaribio, insha yangu ya kurasa kumi. Akanipa fomu ya rufaa. Fomu ya rufaa inataka muhtasari wa somo, majaribio na insha.

Na msidhani ni mkosi wangu peke yangu. Wakaguzi wa Bunge la Marekani waliandika mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo walipoteza, kwa makadirio, wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Asilimia 43! Kampuni ya mizigo ikikupotezea kiasi hicho si unakwenda na polisi?

Zile zangu zilizokosa pa kukaa wameziweka kwenye fungu linaloitwa masomo ya hiari. Hazidaiwi, hazitumiki, zinazurura tu kwenye transkripti, ile orodha ya masomo na maksi, na nilizilipia.

Ila siasa za Texas, hizo zimehesabika mpaka nukta ya mwisho. Kwenye vyuo vya umma hupati digrii ya kwanza bila krediti 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali, ya shirikisho na ya jimbo. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Kondoa, naweza kukueleza usingizini kwamba Texas ilikuwa jamhuri yake yenyewe kuanzia 1836 hadi 1845. Bunge lao linakutana kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, siku zisizozidi 140, na mbunge analipwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi. Nilimsimulia shemeji yangu aliyeko Dodoma. Akaniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Kisha akasema, huo si mshahara wa mbunge, hiyo ni hela ya kusalimia wajumbe.

Halafu ukaja ujumbe mwekundu: usajili wako umezuiwa, hujaleta cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Nikaisoma sheria yenyewe. Inahusu wanafunzi wapya walio chini ya miaka 22. Mimi nina binti anayekaribia umri huo, na ndevu zangu mvi zimeshashika kata mbili kati ya tatu. Nikapiga simu. Mashine ikanishukuru kwa uvumilivu wangu kabla sijaanza kuvumilia. Alipopatikana binadamu, akaniambia nitume uthibitisho wa umri. Tarehe yangu ya kuzaliwa iko kwenye fomu yao, ukurasa wa kwanza, nimeiandika kwa herufi za kumpendeza mwalimu wa mwandiko.

Siku ya kupokelewa wageni, kijana mwenye fulana ya chuo akanitazama, akatabasamu, akanielekeza ukumbi wa kushoto. Nikaenda. Humo ndani kahawa ya bure, keki, viti vya kuegemea, na watu wa rika langu. Nikasema Marekani wanathamini watu wazima. Dakika ishirini baadaye mtoa mada anatushauri namna ya kuagana na watoto wetu bila kulia. Ulikuwa ukumbi wa wazazi. Sikutoka. Wanafunzi ukumbi wa kulia walikuwa wanachezeshwa mchezo wa kutajana majina na mnyama umpendaye.

Masomo yenyewe sasa nayapenda, sitaki mtu aniulize. Tunasoma mfumo wa kuongoza matukio, uliotokana na moto mkubwa wa California wa mwaka 1970, ambako vikosi vilikuja vingi, redio hazisikilizani na kila mkubwa anatoa amri yake. Kanuni mojawapo inasema msimamizi mmoja asiongoze watu zaidi ya saba, na watano ndiyo wanaofaa zaidi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya harusi ya hapa Dallas. Tuko arobaini na kitu kwenye kundi la simu, wenyeviti watatu, mweka hazina hapokei simu. Niliposimama kikaoni nikaeleza hiyo kanuni ya watu watano, nikapewa kazi ya kupanga viti.

Tukafika kwenye mgahawa wa Waffle House. Ni wa chapati za maziwa na mayai, unafunguliwa saa 24. Craig Fugate, aliyekuwa mkuu wa shirika la maafa la Marekani, FEMA, alikuwa akiutumia kupima kimbunga kilivyoumiza mji. Ukiwa wazi na vyakula vyote vipo, kijani. Wanapika vichache, njano. Wamefunga, nyekundu, hapo ujue hali ni mbaya. Darasa zima linaandika. Mimi nikanyoosha mkono, nikawaambia kwetu kipimo hicho tunacho zamani sana, anaitwa mama ntilie. Maji yakijaa Jangwani, pale Dar, usisubiri taarifa ya habari. Mtazame mama ntilie. Akiwa amepandisha jiko juu ya tofali anaendelea kukaanga, nenda kazini. Ukiona amebeba sufuria kichwani anaondoka, beba watoto. Profesa akasema ni mchango mzuri sana. Maksi hazikuongezeka.

Kazi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa kuandika mpango wa familia: mtakutana wapi, maji galoni moja kwa kila mtu kwa siku, na mtu wa nje ya jimbo ambaye wote mtampigia mkipotezana. Wenzangu wakaandika shangazi wa Oklahoma. Mimi nikaandika bi mkubwa, Kondoa. Profesa akaweka alama ya kuuliza. Nikamfafanulia: kukiwa usiku Texas, kwake kumekucha, simu yake haizimwi, na habari ikimfikia yeye, robo saa haiishi ukoo mzima unayo, pamoja na ambayo sikumwambia. Hakuna king'ora kinachomfikia. Tena ving'ora vya hapa tunavijua. Dallas wanavijaribu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi saa sita mchana, lakini Aprili 2017 vilidukuliwa, vikawashwa vyote 156 karibu na usiku wa manane, mji mzima ukakaa kitandani unasubiri kimbunga ambacho hakipo. Bi mkubwa huwezi kumdukua.

Mama watoto naye anasema maafa pekee aliyoyaona ni maboksi ya maji yaliyojaa kabati la nguo zake. Tumeelewana yabaki ya siku tatu, mengine yamehamia chini ya kitanda upande wangu.

Februari 2021 Texas iliganda, umeme ukakatika siku kadhaa, na gridi ya sehemu kubwa ya jimbo ni ya peke yake, jirani hana pa maana pa kukuunganishia. Watu walikufa, wengine kwa moshi wa mkaa na jenereta ndani ya nyumba, kwa hiyo hapo sileti masihara. Lakini mada ya insha ilipokuwa "uzoefu wako wa kukosa umeme", vijana waliandika kurasa za kutoa machozi. Mimi niliandika kwamba kwetu mgao ulikuwa na ratiba, inatoka gazetini, na kilichotuudhi ni siku ambazo ratiba haikufuatwa. Nikaeleza mkaa unawashiwa wapi, dirisha gani liwe wazi, nani asilale karibu. Nikapata A. Hiyo A inahesabika, nimeangalia safu zote mbili.

Wiki hii nikaitwa na mshauri wa hapa chuo kikuu. Huyu hana pipi. Anasema nimebakiza kidogo, ila lazima nifanye fildi: mafunzo ya vitendo sehemu inayoshughulika na ulinzi au dharura. Nikamwambia mimi kila usiku niko kwenye ulinzi, nina miaka. Akasema ile ni ajira, haiwezi kuwa fildi, maana fildi ni ya kujifunza na lazima nisimamiwe na mtu mwenye digrii. Nikamtaja bosi wangu wa zamu. Akaandika, akauliza anwani ya kampuni. Akaangalia, akafuta. Haiwezi kuwa kampuni ileile inayonilipa.

Kwa hiyo natakiwa niende nikalinde ghala la watu wengine, mchana, bure, kisha usiku nirudi kwangu. Akaniuliza kwa upole kama kuna mtu yeyote ninayemfahamu kwenye sekta ya ulinzi ambaye anaweza kunishika mkono.

Nikamwambia namfahamu mmoja, ila huwa amelala mchana.