Kambi ya magari kando ya ziwa: mnara kwanza, mandhari baadaye

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wenye viwanja kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi Magu na Lamadi wamepata wazo jipya: kambi ndogo ya magari ya watalii. Wanawalenga wale wenye Land Cruiser zenye hema juu ya paa, na wenye magari-nyumba wanaotoka Ulaya au Afrika Kusini. Chambo ni intaneti isiyokatika. Wazo lenyewe silipingi, ila wengi wanaanza na kiwanja kizuri ufukweni na kuiacha intaneti iwe jambo la mwisho, la fundi kuja kufunga rauta siku moja kabla ya ufunguzi.

Wapo wanaosema hata hiyo rauta ni kupoteza hela, na hoja yao ina uzito. Mtalii anayetoka Serengeti kwa lango la Ndabaka anataka maji ya moto, choo safi, kamba ya kuanikia nguo na usingizi usiovurugwa na spika za baa ya jirani. Laini na bando anavyo. Tena analala usiku mmoja tu, na daraja limemrahisishia kutolala kabisa. Enzi za kivuko, foleni ya Kigongo ilikuwa inaweza kumla nusu siku. Sasa kilomita 3 za juu ya maji anazimaliza kwa dakika chache, mchana huohuo yuko Geita, na kesho yake anaelekea mpakani, Rusumo au Mutukula. Kwa mgeni huyo, kila shilingi ya antena ni hasara.

Lakini huyo siye wa kumjengea kambi. Yupo mwingine anayefanya kazi ndani ya gari lake: mtengeneza programu, mhariri wa video, mwalimu anayefundisha kwa kamera. Huyu hawezi kuhama kila asubuhi. Anatafuta pa kutulia wiki mbili, siku za kazi afanye kazi, Jumamosi aende kisiwa cha Saanane au makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, na akiondoka apitie hifadhi ya Rubondo. Kwenye daftari la mapato ni sawa na wapita njia kumi na wanne. Wa aina yake si wengi, ndiyo maana nasema nafasi sita za magari zinatosha. Anayechora ishirini anajenga uwanja wa mbuzi.

Sasa mgeni huyo ndiye anayebadilisha namna ya kuchagua kiwanja. Mawe yetu ya Mwanza ni mazuri kwa picha, ila kwa mawimbi ya simu ni ukuta. Panda juu ya jiwe, simu inaonyesha vistari vinne. Shuka mchangani, kwenye kighuba kilichojificha ambacho dalali anakisifia, kinabaki kimoja. Pima hapo kabla ya kutoa hata senti ya kishika uchumba. Usipime saa nne asubuhi. Rudi saa mbili usiku, kijiji kizima kikiwa kwenye bando. Na usitazame kasi ya kupakua tu. Simu moja ya video inataka takriban megabiti 3 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Wageni sita wakiingia kwenye vikao kwa pamoja ni 18, na upande wa kupakia ndio unaoanza kulia.

Hapa sheria na mnara vinakubaliana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wengi wanaiona kero, lakini waliojenga karibu na maji waliona ziwa lilivyopanda 2020 na tena 2024. Ukirudi nyuma, ukapanda mteremko, unapata usalama na vistari kwa pamoja.

Faiba, yaani waya wa intaneti, ikiwa inapita karibu na barabara yako, vuta. Ikiwa iko mbali, tumia laini za kampuni mbili zenye minara tofauti, na rauta inayohama yenyewe moja ikizimika. Antena ya satelaiti usiinunue kabla ya kuulizia leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Umeme ndio mwepesi kuliko vyote: rauta na vifaa vyake vinakula wati 20 hivi, betri moja ya saa-ampea 100 inavuka nayo usiku mzima bila jenereta kunguruma.

Radi ndiyo inayosahaulika. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba zake hukua usiku juu ya maji. Antena uliyoisimika kileleni mwa jiwe inaialika, na jiwe kavu halishiki ethi. Itabidi waya wa ethi, wa kupeleka radi ardhini, ushushwe hadi kwenye udongo wenye unyevu, na fundi wa mtaani atakuambia si lazima. Mlipe mwingine.

Hata hivyo, neno "isiyokatika" lisiandikwe kwenye kibao. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ilipata hitilafu na nchi nzima ikatambaa. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Laini zako mbili zisingekuokoa.

Penye ukweli mkubwa wa wale wapinzani ni choo. Magari-nyumba mengi yana vyoo vya dawa, na wageni watauliza pa kumwaga. Juu ya jiwe shimo halinyonyi, na chini yake ni ziwa ambalo watu wanachota maji ya kunywa. Tangi la kufunga na gari la kunyonya vitakula fedha kuliko antena zote, na kwangu mimi vinatangulia.

Bei nisingeziweka sawa. Mpita njia apewe waifai ya kutosha ujumbe na ramani, basi. Wa wiki mbili apewe banda la kivuli lenye meza, soketi na vifaa vya waifai karibu, kwa sababu bodi la chuma la gari lake linazuia mawimbi, na gharama ya hayo yote iingie kwenye bei ya kulala tangu siku anapoulizia nafasi.