Picha ya Rafu Haimpimi Mpanga Bidhaa

Kampuni nyingi zinazosambaza bidhaa madukani humpima mpanga bidhaa, yaani mtu wao anayezunguka madukani kupanga bidhaa rafuni, kwa mambo matatu: simu ionyeshe kwamba alifika, zipatikane picha za rafu kabla na baada ya kuipanga, na atoke ndani ya dakika alizopangiwa. Malipo nayo hufuata mkondo huohuo, kiasi fulani kwa kila duka alilopitia. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja za maana. Tatizo ni kwamba sehemu ya kazi inayoleta mauzo haionekani kwenye picha hata moja, na hilo hulisikii likisemwa vikaoni.

Tuanze na hoja ya kampuni. Mpanga bidhaa huzunguka peke yake, msimamizi yuko mbali. Bila uthibitisho wowote, anayejituma na anayechungulia mlangoni tu watalipwa sawa. Mwenye bidhaa mara nyingi ameilipia nafasi ile ya rafu, naye ana haki ya kuona alichokilipia. Picha nzuri humwonyesha ni nyuso ngapi za bidhaa yake, yaani pakiti za safu ya mbele, zinaonekana, kama lebo ya bei ipo, na kama mpanga bidhaa wa mshindani amesogeza mpaka. Kikomo cha muda nacho humsaidia kukadiria gharama kabla ya kutia saini mkataba. Yote hayo ni kweli.

Sasa itazame kazi yenyewe. Ziara iliyofanywa ipasavyo huanza kwa kujitambulisha kwa meneja wa zamu, kisha kuipitia rafu kwa jicho la mnunuzi, kushoto kwenda kulia, huku kila pengo na kila lebo isiyo na bidhaa ikiandikwa. Orodha hiyo ndiyo inayokwenda stoo, na stoo ndiko muda unakoliwa. Katoni inayotafutwa inaweza kuwa nyuma ya paleti ya kampuni nyingine, au juu kabisa pasipofikika bila foklifti ambayo mtu wa nje haruhusiwi kuigusa, au imechanganyika na katoni za saizi tofauti zenye rangi ileile. Wakati mwingine imetupwa kona ya bidhaa zilizorudishwa. Ikipatikana, hufunguliwa kwa kisu kilichochomoza kidogo tu, kwa sababu wembe ukizama hupasua pakiti za safu ya juu.

Rafuni, bidhaa za zamani hutolewa kwanza, rafu ikafutwa, tarehe za mwisho wa matumizi zikasomwa mojamoja. Mpya zinaingia nyuma, zinazokaribia kuisha muda zinabaki mbele. Anayeiruka hatua hii akasukumia mpya mbele anapata rafu ya kupendeza siku hiyo, na baada ya wiki kadhaa safu nzima ya nyuma inaishia kutupwa. Mwisho, bei iliyo kwenye lebo hulinganishwa na bei inayosomwa na skana. Picha ya pili inakuja baada ya hayo yote, na inachokamata ni matokeo ya dakika za mwisho tu.

Mwaka 2002 watafiti Thomas Gruen, Daniel Corsten na Sundar Bharadwaj walitoa uchambuzi uliounganisha tafiti za nchi nyingi kuhusu bidhaa zinazokosekana rafuni. Wastani waliopata ulikuwa asilimia 8.3. Walipogawanya sababu, karibu asilimia 47 ziliangukia uagizaji na ukadiriaji wa mahitaji dukani, asilimia 28 zilitokea kabla mzigo haujafika dukani, na asilimia 25 zilikuwa za bidhaa iliyokuwa tayari ndani ya duka ila haikufika rafuni.

Robo hiyo inastahili kutafakariwa taratibu. Bidhaa imetengenezwa, imesafirishwa, imepokelewa na kusainiwa, nayo imelala mita chache tu kutoka kwa mteja anayeitafuta. Punguzo la bei haliifikishi rafuni, wala tangazo, wala lori jingine. Inahitaji mtu aende stoo aitafute. Katika uchambuzi huohuo, asilimia 31 ya wateja waliokosa bidhaa waliinunua duka jingine, na asilimia 26 walichukua chapa nyingine. Mwenye duka amempoteza mteja wa kwanza, mwenye bidhaa amempoteza wa pili, na katoni bado iko stoo. Anayeweza kuzuia hasara hiyo kwa wote wawili ni yuleyule anayehesabiwa dakika.

Na haiishii kwenye robo. Hata katika ile asilimia 47 ya uagizaji, mpanga bidhaa ana nafasi yake. Nicole DeHoratius na Ananth Raman, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walikagua karibu kumbukumbu 370,000 za akiba katika maduka 37 ya kampuni moja, wakakuta asilimia 65 hazilingani na bidhaa zilizopo. Kinachoumiza zaidi ni akiba hewa: kompyuta inasema zipo 6, dukani hakuna hata moja. Mfumo wa kompyuta unaoagiza bidhaa bila kuamriwa na mtu unaona 6, unatulia, na bidhaa haiji. Hapatakuwa na mauzo ya kushusha idadi hiyo, kwa hiyo kosa linaweza kudumu hadi mtu ahesabu kwa mkono. Mpanga bidhaa anayerudi kutoka stoo mikono mitupu, akamtafuta karani na kumwambia hesabu irekebishwe, amefufua bidhaa iliyokuwa imekufa kwenye mfumo. Picha yake ya siku hiyo, hata hivyo, ina pengo, na pengo humshushia alama.

Hapo ndipo kipimo kinapogeuka kuwa kishawishi. Kutafuta katoni moja stoo kunaweza kula dakika 25. Kuvuta bidhaa za jirani zifunike pengo ni kazi ya dakika 2, na picha inatoka nzuri kuliko ya yule aliyetafuta bila kupata. Kesho yake karani wa kuagiza anapita, anaona rafu imejaa, lebo ya bidhaa iliyokosekana imefichwa nyuma ya pakiti za jirani, naye anaendelea na safari yake. Pengo limefutwa machoni pa mtu pekee ambaye angeliziba. Sitawaita wanaofanya hivyo wavivu. Wanafanya kile wanacholipwa kukifanya.

Kuna hesabu nyingine ambayo ofisi huisahau. Chukua bidhaa yenye nyuso 4 na kina cha pakiti 6: rafu inabeba 24. Ikiuzwa 10 kwa siku na ziara inayofuata ni baada ya siku 4, itakwisha katikati ya siku ya tatu, hata kama ilipangwa vizuri kiasi gani. Hapo dawa ni kuongeza nyuso, kubadilisha ratiba, au wafanyakazi wa duka wenyewe kujaza katikati. Lakini planogramu, ule mchoro unaoelekeza kila bidhaa ikae wapi, huchorwa makao makuu, na mpanga bidhaa haruhusiwi kuongeza hata uso mmoja. Lawama ya rafu tupu humrudia yeye.

Mwili nao una hesabu zake. Katoni ya chupa 12 za maji za lita 1.5 ina uzito wa zaidi ya kilo 18. Katoni 20 ni zaidi ya kilo 360, na kila moja huinuliwa angalau mara mbili, kutoka paleti kwenda toroli na kutoka toroli kwenda rafuni. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, huanzia kilo 23 kama kikomo katika mazingira bora kabisa, kisha hukipunguza kadiri mtu anavyoinama, anavyojigeuza na anavyonyoosha mikono mbali na kifua. Rafu ya chini kabisa ina hayo yote matatu. Anayelipwa kwa duka hana sababu ya kupumzisha mgongo kati ya katoni na katoni. Akiombwa na meneja asaidie kushusha mzigo usiomhusu, dakika hizo hazihesabiwi popote, na akikataa, huenda stoo ikawa ngumu kufunguliwa ziara ijayo.

Picha ibaki, lakini kama ushahidi wa kufika. Malipo yawe kwa saa, na kipimo kiwe orodha ya mapengo, kila moja likiwa na jibu moja kati ya matatu: limezibwa, bidhaa haimo dukani, au hesabu ya mfumo ilikosewa na karani amearifiwa. Itagharimu zaidi, sikatai, na wapo watakaoandika "haimo" bila kukanyaga stoo. Hao hugundulika kwa msimamizi kuchagua bidhaa chache kila wiki na kuzihesabu mwenyewe. Muda wa ziara nao ukadiriwe kwa idadi ya katoni zilizopokelewa tangu ziara iliyopita badala ya urefu wa rafu; takwimu hiyo tayari imo kwenye hati za kupokelea mzigo, na duka likikubali kumwonyesha msambazaji, hakuna programu mpya inayohitajika.