Gari moja, kodi 27: je, Ulaya ikubaliane?

Ujerumani haina kodi ya usajili inayotozwa kwa bei ya gari jipya. Jirani yake Denmark anayo, na kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa asilimia 180. Hata baada ya kupunguzwa bado ni asilimia 150. Ufaransa hutoza gari linalotoa hewa ya ukaa nyingi, na mwaka 2024 tozo hiyo iliweza kufika euro 60,000. Poland huangalia ukubwa wa injini.

Mwaka 2005 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza kodi ya usajili ifutwe hatua kwa hatua, na kodi ya mwaka ikokotolewe kwa hewa ya ukaa. Pendekezo likakwama. Mambo ya kodi katika Umoja wa Ulaya, wenye nchi 27, huamuliwa kwa kauli moja, hivyo nchi moja ikigoma hakuna kinachosonga.

Wanaotaka kodi zioanishwe husema sana juu ya usumbufu wa anayehama na gari lake na kutozwa upya. Ni kweli, lakini naona hoja nzito zaidi iko kwingine. Umoja humwekea kila mtengenezaji wastani wa hewa ya ukaa kwa magari yote mapya anayouza katika nchi wanachama. Lengo la jumla mwaka 2021 lilikuwa gramu 95 kwa kilomita. Basi Denmark ikiwasukuma raia wake kwenye magari safi, mtengenezaji hupata nafasi katika wastani wake ya kuuza magari mazito yanayotoa ukaa mwingi nchi nyingine, bila kuvunja sheria. Mkazi wa Copenhagen amelipa, na ukaa umehamia kwingine.

Hata hivyo, Ireland inanifanya nisite. Julai 2008 ilianza kutoza magari kwa kigezo cha ukaa, na wanunuzi wakakimbilia dizeli kwa kuwa hutoa ukaa kidogo kwa kilomita. Dizeli hiyohiyo hutoa oksidi za nitrojeni zinazoumiza mapafu, na kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015 ilifichua jinsi vipimo vya hewa chafu ya dizeli vilivyochezewa. Pendekezo la 2005 lingepita, huenda nchi zote zingeingia kosa hilo kwa pamoja. Norway, ambayo si mwanachama na ilijipangia yenyewe, iliyasamehe magari ya umeme kodi za ununuzi kwa miaka mingi. Mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 huko yalikuwa ya umeme.

Kuna pia kipato. Kodi ambayo familia ya Luxembourg haiisikii ingemnyima kabisa gari jipya mfanyakazi wa Bulgaria, abaki na dizeli kuukuu iliyotoka Magharibi.

Kwa hiyo ningeunganisha kigezo, si kiwango: kila gari, jipya au lililotumika, lipimwe kwa ukaa pamoja na hewa chafu nyingine, kisha kila bunge lipange bei yake. Wastani wa watengenezaji nao ukazwe kila nchi fulani inapopiga hatua, la sivyo juhudi zake zitaendelea kuwafaa wauzaji wa magari mazito.